Uzoefu wangu: dole gumba la mtu mwingine kwenye boneti yangu

Nyota moja, na hiyo moja si ya gereji, ni ya yule dogo, mwanafunzi wa pale. Habari zake zinakuja.

Kama una kitu cha aluminiamu isiyopakwa rangi, iwe bodi ya gari, tangi la pikipiki au ubavu wa boti, na unakaa mji wa bahari kama sisi wa Tanga, usimpelekee mtu akupigie kliya, ile rangi ya mwisho inayopitisha macho kama kioo, mpaka uwe umekuja Chumbageni kuiona boneti yangu. Njoo saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala, usimame upande wa dereva, uiname kidogo. Utaona dole gumba. Mpaka majuzi mistari yake yote ilikuwa inahesabika, kama la mtu aliyetia dole kwenye hati ya kuuza shamba. Ulikuwa ukilisugua halisuguliki, kwa sababu lilikuwa chini ya kliya. Na si langu.

Gari hili nimeliunda mwenyewe uani. Chini kuna chesisi ya Suzuki Samurai iliyokufa, juu kuna shiti za aluminiamu za milimita moja na nusu, zilizokuja kutoka Dar juu ya lori la saruji lililokuwa likirudi tupu. Nimezikata kwa mkono, nimezikunja kwa mbao na nyundo ya mpira, nimezipiga riveti. Injini na mengineyo hayahusiki leo. Leo ni ngozi tu.

Watu huniuliza kwa nini sikupaka rangi kama watu wote. Mama yangu alikuwa na sufuria kumi na mbili, kuanzia ile ya shughuli hadi kisufuria cha chai ya mtu mmoja. Kila Ijumaa asubuhi alizisugua kwa kumbi la nazi, majivu na limau, akazianika juani zikitazama barabara. Mpita njia alikuwa anafumba macho. Nilitaka gari langu liwe sufuria ya mama. Nimeshasema, mcheke mmalize.

Basi nikasugua. Msasa wa maji wa 400 kuondoa mikwaruzo mikubwa, halafu 800, halafu 1200, halafu 2000, na kila ukibadilisha msasa unabadilisha na njia, ukitoka wima unakwenda mlalo, ili ujue mikwaruzo ya ule uliopita imekwisha. Ukiruka namba moja kwa uvivu utaiona umeshamaliza kazi yote, na hapo dawa yake ni kurudi nyuma. Baada ya msasa nikafunga gurudumu la mkonge kwenye drili, na hapa nisimame kidogo nicheke. Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge pwani yetu mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo Tanga nzima ikageuka mashamba ya katani. Leo mimi, mtu wa Tanga, nimeagiza kigurudumu cha mkonge kikaja kwa ndege ndani ya kiboksi. Huenda kilizaliwa Korogwe kikaenda Ulaya kuvishwa suti.

Mkonge ndio unaokata. Ukimaliza ndipo unaingia na kitambaa laini na polishi. Polishi yenyewe, ya kopo dogo, sina neno baya nayo, nyota tano. Unapaka kidogo, kama siagi kwenye mkate wa watu wengi, unasugua, kitambaa kinakuwa cheusi tititi. Mara ya kwanza niliogopa nikadhani nimeharibu. Weusi ule si uchafu, ni aluminiamu yenyewe inayotoka, nawe endelea mpaka uone mng'ao unachomoza chini yake. Usiikalie sehemu moja na mashine, shiti nyembamba ikipata moto inajikunja na haikuombi ruhusa. Kitambaa bora kuliko vyote ni kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka maandishi yamefutika. Kanga hiyo haikuwa yangu, na kesi yake nyumbani haijaisha.

Siku boneti ilipokwisha niliona ndani yake mwembe wetu, jani moja moja, na kunguru aliyekaa juu yake.

Tatizo ni kusi. Upepo ule ukianza unakuja na chumvi ya bahari, na wiki chache tu mng'ao unapata ukungu, halafu vidoadoa vyeupe kama unga wa muhogo. Wanaosema aluminiamu haishiki kutu wanasema nusu ya maneno. Kutu nyekundu haitoi. Ina kingozi chembamba mno kinachoota chenyewe mara tu inapokutana na hewa, na hicho ndicho kinachoilinda. Chumvi ndiyo inayokitoboa. Riveti nazo zikanitia aibu. Nilinunua za aluminiamu zenye msumari wa chuma ndani, vichwa vya misumari vikabaki humo, vikaanza kulia machozi mekundu juu ya kazi yangu. Hilo kosa ni langu, sibishi.

Ndipo nikaelekezwa gereji moja hapa mjini, jina silitaji. Wananyoosha bodi na kupiga rangi. Bosi wake, kijana wa miaka thelathini na kitu, miwani kaipandisha kichwani, hata shikamoo hakutoa. "Mzee wangu, tunakupigia kliya hapa, mwaka mzima hugusi. Maji na kitambaa basi." Laki mbili na nusu kwa boneti na madigadi mawili ya mbele. Milango nikaiacha, hela ilikata. Kuna siku umaskini ni rehema.

Sisi kwetu tunasema waja leo warudi leo. Gari langu lilirudi siku ya kumi na moja. Katikati hapo, siku ya tatu au ya nne, nilipita kuchungulia. Nikamkuta dogo mmoja, mwanafunzi wa pale, hajafika hata miaka ishirini, anaifuta boneti yangu kwa dawa ile ya kuoshea injini zenye grisi. Juu ya boneti kulikuwa na vipovu vidogo vidogo vinachemka, kama soda iliyomwagika mezani. Na kila vilipopita vipovu pamebaki rangi ya wingu la mvua.

Aliyewahi kupika maharage kwa magadi anajua sufuria inavyotoka. Dawa ile ina kostiki, ambaye ni baba yake magadi. Kinaliwa kile kingozi kwanza, halafu inaliwa aluminiamu yenyewe, na vile vipovu ni gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye huo ulaji. Wiki zangu nne za jioni zilikuwa zinachemka pale mbele ya macho yangu. Nikapiga kelele, "Maji! Mwagia maji!" mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje.

Bosi akaja taratibu, anatafuna kitu. Akaitazama boneti, akanitazama mimi, akasema, "Mzee wangu, si bati tu hili?"

Tu. Miezi imepita na bado usiku naisikia hiyo "tu". Bati! Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilivishwa aluminiamu kwa kuwa Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha kugawiwa kwa mafungu, na mabodi ya aina hiyo mpaka leo yanapanda milima wakati chesisi za chuma chini yake zinaoza. American Airlines walirusha ndege zao uchi, aluminiamu inang'aa bila rangi, miongo na miongo, mpaka walipobadilisha sura mwaka 2013. Haya yote niliyafikiria nikiwa kitandani. Pale gerejini kilichonitoka mdomoni ni "Bati liko kwako nyumbani", ambalo hata tusi si tusi.

Wakasugua upya kwa mashine, nusu saa, wakapuliza kliya. Nami nikalipa. Ndiyo, nililipa.

Na niseme kweli, maana sipendi kumsingizia mtu: siku lilipotoka lilikuwa zuri. Zuri kuliko nilivyolifanya mimi. Lilikuwa kama limelowa. Nililizungusha Raskazone mara nne bila safari, watoto wanakimbia nyuma, nikasema moyoni nimemkosea yule bosi, kumbe mdomo wake mbaya lakini mkono wake mzuri. Ningeandika siku ile angepata nyota nne.

Masika yakakolea. Kwenye kila riveti kukaanza uzi mweupe, mwembamba, unatambaa chini ya kliya kama funza aliyeona njia. Kesho yake umeongezeka nusu sentimita. Ukiugusa juu ni laini kabisa, ugonjwa uko ndani. Sababu, kwa ambao mnafikiria kufanya nilichofanya: kliya inataka mahali pa kung'ang'ania, na aluminiamu iliyosuguliwa ikawa kioo haina hata nafasi ya kutia ukucha. Ili ishike lazima kwanza upige praima, rangi ya chini kabisa, ya kuchoma kidogo uso wa aluminiamu, na ukishaipiga hiyo mng'ao umeuzika. Maji yanaingilia ukingoni na kwenye matundu ya riveti, yanakaa humo na chumvi yake, hayakauki. Fundi wa rangi aliyepikwa akaiva angeniambia hayo siku ya kwanza, angekosa laki mbili na nusu akapata rafiki.

Dole lilitokea baada ya nyuzi. Mwanzoni halikuwepo, naapa. Jasho la mkono lina chumvi. Mtu aliishika boneti ikiwa imeshafutwa na haijapuliziwa, chumvi yake ikafungiwa humo, ikawa inakula polepole, mstari kwa mstari, mpaka ikajichora. Siku nilipoliona nilidhani ni la kwangu, nikalifuta kwa kanga. Nikafuta tena. Nikavaa miwani.

Nikarudi gerejini. Bosi akainama, akatazama, akasimama. "Aluminiamu haishiki kutu, mzee. Hiyo ni alama ya mkono wako mwenyewe."

Dole gumba langu lina kovu. Shiti ilinikata siku nilipokuwa nakunja mlango wa kulia, na kovu limepita katikati kama reli ya kwenda Moshi. Nikaliweka juu ya lile la kwenye boneti mbele ya watu wote. Hata upana halikufanana. Mafundi wakacheka. Bosi naye akacheka, akasema, "Basi nenda polisi wakamtafute mwenyewe," akaingia ofisini akafunga mlango wa kioo. Dogo peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta mikono kwenye ovaroli, anafuta, anafuta.

Sasa milango, ile niliyoiacha kwa kukosa hela. Ina nta tu, ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko Brazili. Naosha kwa maji na sabuni laini, nakausha mpaka kwenye maungio ambako maji hupenda kujificha, napaka nta, nafuta. Kila mwezi, na kusi likiwa kali kila wiki mbili. Ikififia, polishi kidogo halafu nta tena. Hakuna cha kubandua. Haing'ai kama ile kliya ya siku ya kwanza, hilo nakubali, lakini mwembe bado uko ndani yake na kunguru wake.

Kwa hiyo gereji haifai? Jirani yangu alipeleka Noah yake pale pale, wakapiga rangi na kliya juu ya rangi, imetoka mpya na mpaka leo mpya. Labda ni gereji nzuri na mimi ndiye niliyewapelekea kitu wasichokijua. Nilikuwa tayari kuandika hivyo, wallahi, nyota tatu na maneno ya upole ya mtu mzima. Halafu nikaikumbuka "tu". Asiyejua kitu si anauliza? Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, angeniuliza. Sifuri.

Jumapili iliyopita, au ile ya kabla yake, nikasikia hodi. Dogo, na baiskeli. "Shikamoo mzee." Kwenye kapu la baiskeli kuna kopo la dawa ya kubandulia rangi, amenunua kwa hela yake. Nikamwuliza kwanza kama dawa hiyo ina kostiki, akanionyesha maandishi ya nyuma, alikuwa ameshayasoma. Hakusema samahani. Alikwenda moja kwa moja kwenye boneti, akaweka dole gumba juu ya lile dole. Likaenea.

"Ni la kwangu, mzee. Nilishika nilipokuwa naigeuza. Glavu pale hakuna."

Tukapaka dawa, kliya ikajikunja ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Tukaosha kwa maji mengi. Tukashika msasa wa 400, yeye upande wa abiria, mimi upande wa dereva. Mchana tukala wali wa nazi na changu. Akauliza lile gurudumu ni la nini, nikamwambia ni mkonge, akadhani namtania. Babu yake alikuwa anakata mkonge.

Jua lilipolala tukainama wote wawili. Bado lipo, hafifu, limekula mpaka ndani. Kesho kutwa anakuja tuanze tena na 400. Nimemwambia aje na kitambaa chake, maana mama watoto ameshazihesabu kanga zake zote na kuzifungia.