Siku 21 Kerala na baridi yabisi yangu

Kwa miaka minne nilikuwa naswali juu ya kiti. Magoti yote mawili yalinikatalia, na kiuno kilishika kila nikiinama kuchota maji. Hospitalini Tanga walinipiga picha, wakasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, imelika, nikapewa vidonge vya maumivu. Vilisaidia mpaka tumbo likaanza kuniunguza. Mwanangu anafanya kazi Maskati, na wenzake wengi kazini ni watu wa Kerala, kusini mwa India. Wao wazazi wao hulazwa karibu kila mwaka kwa tiba ya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India. Yeye ndiye aliyenishawishi, na yeye ndiye aliyelipa.

Nililazwa siku 21 katika hospitali ndogo nje ya mji wa Thrissur. Jina silitaji, kwa sababu kuna jambo moja lilinikera na nitalieleza.

Siku ya kwanza daktari alikaa nami zaidi ya saa nzima. Alikuwa mama wa makamo, mwenye shahada ya Ayurveda, masomo ambayo kule huchukua miaka mitano na nusu pamoja na mazoezi ya hospitali. Alitazama picha za magoti, akapima presha, akashika mshipa wa mkono, akaniambia nitoe ulimi. Magoti aliyauliza dakika tano tu. Kisha akauliza choo changu, kigumu au laini. Jasho. Njaa inakuja saa ngapi. Nakula nini usiku. Nasikia baridi wakati wenzangu wanasikia joto? Na mara ya mwisho kulala hadi asubuhi ilikuwa lini?

Nikamwambia tangu baba watoto afariki, mwaka wa tatu huo, sijalala usiku mzima. Nikalia pale pale. Akanisubiri, akanipa maji ya moto, halafu akaliandika lile kwenye ukurasa uleule wenye magoti. Katika miaka yote ya kupanga foleni kwa ajili ya miguu hii, hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu usingizi.

Akanieleza anavyoliona tatizo. Neno lenyewe Ayurveda ni elimu ya maisha. Kwao mwili umefanywa kwa ardhi, maji, moto, hewa na anga, na ndani yake zinatembea nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, na maradhi huja mchanganyiko ukivurugika. Wangu umeelemea vata, ambayo sifa zake ni baridi, ukavu, wepesi na kutotulia. Uzee wenyewe, akasema, ni umri wa vata.

Hapo nikashtuka. Maana sisi maradhi haya tunayaita baridi yabisi, na yabisi ni kavu! Bibi yangu alikuwa akisema fulani ana safura, fulani ana balghamu, chakula hiki cha baridi usimpe mzazi. Najua hayo yetu yalipitia kwa Waarabu waliosoma kwa Wayunani, si elimu moja na hii ya India. Lakini nilipomtajia daktari jina la ugonjwa wangu kwa Kiswahili na maana yake, aliniomba nilirudie, akaliandika. Kuanzia hapo sikujiona mgeni.

Tiba ilianza na samli. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikunywa samli iliyopikwa na mitishamba, kikombe kikiongezeka siku hadi siku. Ni chungu na nzito, na hapana kula mpaka njaa ije yenyewe. Siku ya tano niliona kichefuchefu mpaka nikataka kurudi nyumbani. Baadaye zikafuata siku za kupakwa mafuta na kufukizwa, kama nyungu lakini kichwa kikiwa nje, halafu siku ya haluli. Nilikwenda chooni mara tisa, na jioni nikapewa uji mwembamba wa mchele tu. Anayedhani Ayurveda ni kukandwa kwa starehe kwenye hoteli ya ufukweni, hii wiki ya kwanza itamshangaza.

Wiki mbili zilizofuata ndizo nilizozipenda. Unalala juu ya kitanda kizito cha mbao kinachoitwa droni, chenye kingo za kuzuia mafuta yasimwagike. Wanawake wawili wanasimama huku na huku, mikono yao inakwenda pamoja kama watu watwangao kinu kimoja. Wakimaliza wanakuja na kizhi, yaani vifurushi vya kitambaa vyenye majani yaliyokaangwa, wanavichovya kwenye mafuta ya moto na kukugongagonga navyo toka shingoni mpaka nyayo. Siku moja niliomba kuona kilichomo. Majani ya mbarika, majani ya mlonge, majani ya mkwaju, nazi iliyokunwa na ndimu. Vyote viko uani kwangu Tanga, ukiacha mkwaju ambao uko kwa jirani. Mlonge wangu nimeupogoa miaka kumi na majani nikawapa mbuzi.

Wale mabinti waliniita Amma, nami nikawaita wanangu. Wakimaliza kuniogesha walinisugua unga wa mitishamba utosini, maji ya kichwa yasinitie mafua.

Masharti yalikuwa mengi kuliko dawa. Kulala mchana marufuku. Maji ya baridi marufuku, feni isikupige moja kwa moja. Chakula cha jioni kabla ya saa moja, cha moto, uji wa mchele na choroko, saa tatu taa zimezimwa. Ilikuwa Julai, mwezi wao wa Karkidakam ukianza, mvua usiku na mchana. Wao huamini mwili hupokea tiba vizuri zaidi majira hayo, na nyumba nyingi hupika uji maalumu wa mitishamba. Daktari alinipangia pia cha kuacha nyumbani: soda ya baridi, maharage ya usiku, na kukaa macho na simu.

Je, nimepona? Daktari aliniambia tangu mwanzo kwamba gegedu iliyolika hairudi, na namshukuru kwa ukweli huo. Nilichopata ni hiki. Wiki ya tatu nililala usiku mzima, na mpaka leo, miezi minane baadaye, nalala. Vidonge vya maumivu nimeshuka kutoka viwili kila siku hadi viwili kwa wiki. Ramadhani nilisujudu chini, mto ukiwa chini ya magoti. Nilipungua kilo nne, na sina budi kusema kwamba kilo nne zenyewe ni nafuu kwa goti, na wiki tatu bila kupika wala kubeba ndoo ni nafuu pia. Siwezi kukutenganishia lipi lilifanywa na mafuta na lipi lilifanywa na mapumziko.

Sasa lile lililonikera. Siku ya kuondoka, dirisha la dawa lilinipa mfuko wa dawa aina tano za miezi mitatu. Kwenye lebo mbili niliona neno bhasma, yaani madini yaliyochomwa yakawa majivu. Zipo za chuma, za shaba, hata za risasi. Kijana wa dirishani akasema yamesafishwa kwa moto mara nyingi, hayadhuru. Mimi nilishasoma kwamba mwaka 2008 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti, na takriban moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na mimi ninameza dawa za presha! Nilirudi kwa daktari, akazikata zile mbili bila ubishi. Kwa nini ilibidi mgonjwa mwenyewe ndiye aulize? Mama asiyejua kusoma lebo angezimeza. Waliniudhi sana hapo.

Kwa hiyo ukienda, orodha ya dawa zako za kila siku iwe mkononi, usiache hata moja bila daktari aliyekuandikia, na dawa ya kurudi nayo nyumbani uliza kilichomo kimoja kimoja. Mwenye mimba, mwenye moyo dhaifu au anayechoma insulini asikubali samli na haluli kabla ya kuongea na daktari wake.

Gharama yote ya hospitali, chumba na chakula, ilikuwa rupia laki moja na elfu arobaini, nauli mbali. Nitarudi Mungu akipenda, kwa siku 14. Beba kanga kuukuu sita au saba, maana yale mafuta ya ufuta hayatoki. Zangu nimezifua kwa sabuni ya mche na majivu, bado zinanuka Thrissur.