TAHADHARI: Reflekta za elfu saba zinazouzwa WhatsApp, usiku hazionekani

Wakuu, kama kijiwe chenu kinachanga hela za vizibao vya reflekta, someni hii kabla hamjatuma hata mia.

Mimi ni mweka hazina wa kijiwe cha bodaboda huku Mbagala. Tulikubaliana wote tuvae vizibao vya aina moja, mgongoni viandikwe jina la kijiwe na namba ya kila mtu. Muuzaji nikampata kwenye kundi la WhatsApp. Picha zake tamu: kizibao kimetundikwa kwenye mlango wa bluu, kimepigwa gizani, mikanda inawaka kama taa za gari. Kimoja elfu saba kwa bei ya jumla. Nikaomba sampuli, akaileta siku hiyohiyo. Tukaimulika usiku, ikawaka kweli. Tukalipa vizibao 22, laki moja na hamsini na nne elfu, hela yote mbele, maana alisema mzigo unatoka stoo leo na kesho bei inapanda. Hapo ndipo tulipoingizwa mjini.

Mzigo ulikuja kwenye kiroba. Viwili vya juu nikachukua mimi na mwenyekiti, vingine vijana wakagawana. Mchana hakuna aliyeshtuka, njano ilikuwa kali ya kuumiza macho. Mama wa chai peke yake ndiye aliyekwaruza mkanda kwa ukucha, akasema, "Wanangu, mbona hii kama rangi ya fedha ya kupakia geti?" Tukamcheka.

Wiki ya pili, saa mbili usiku, mwenzetu mmoja alikuwa anasukuma pikipiki pembeni mwa Kilwa Road. Mnyororo umekatika, taa ya nyuma nayo imekufa. Lori lilimkosa kwa kiasi cha mkono. Dereva akasimama mbele, akarudi kwa miguu huku anatetemeka kuliko aliyekoswa. "Mdogo wangu, unatembeaje gizani bila reflekta?"

Na alikuwa ameivaa.

Usiku uleule tukatundika kizibao chake na ile sampuli kwenye kamba moja, tukarudi nyuma hatua 30, tukawasha taa ya pikipiki. Sampuli iliwaka nyeupe pee. Cha mwenzetu kilibaki kivuli cha kijivu. Tukapima vyote: viwili halisi, ishirini feki. Hivyo viwili ndivyo vya juu ya kiroba, yaani changu na cha mwenyekiti, ndiyo maana wiki nzima sisi viongozi hatukuwa na malalamiko. Vijana bado wananitania, na wana haki.

Ujanja uko hivi. Mkanda halisi una chembe za kioo ndogo mno, mwingine una vijipembe vya plastiki, na kazi yake ni kurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa dereva aliyewasha taa. Plastiki ya rangi ya fedha inang'aa kama kioo cha kujitazamia: mwanga ukija kwa upande huu inautupa upande mwingine, dereva haambulii kitu. Dukani chini ya taa ya umeme vyote viwili vinameremeta, hutavitofautisha. Na ile njano kali isikudanganye. Inachukua miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuitoa kama mwanga unaoonekana, kwa hiyo mchana, na hasa jioni jua linapozama, unaiona kama inawaka yenyewe. Usiku kwenye taa za magari miale hiyo ni kama haipo, njano inabaki rangi tu.

Lebo nayo! Imeandikwa ISO 20471 (kiwango cha kimataifa cha nguo za kuonekana kwa mbali), daraja la 2. Nikaazima rula ya mwanangu, mkanda ukatoka sentimita tatu na nusu, wakati kiwango hicho kinataka usipungue sentimita 5. Kwenye kola kuna lebo nyingine ya EN 471, kiwango cha Ulaya kilichoondolewa mwaka 2013 na nafasi yake kuchukuliwa na hiyohiyo ISO 20471. Nguo moja ina vyeti viwili, na hakuna hata kimoja inachokitimiza. Lebo nzuri pia hukuambia kizibao kinafuliwa mara ngapi kabla hakijachoka. Yetu ilikuwa kimya, na mafuo matatu yalitosha mkanda kubanduka kama ganda la kitunguu.

Kupima ni rahisi. Ingia chumba chenye giza, tundika kizibao, simama hatua kumi, washa tochi ya simu ukiwa umeishikilia pembeni mwa jicho. Halisi itawaka ghafla. Tochi usiishike kiunoni, maana mwanga unarudi kwenye tochi, hata kizibao kizuri kitaonekana hafifu. Ukipiga picha kwa flashi utapata jibu lilelile. Na pima kimoja kimoja mpaka chini ya kiroba, ndipo ulipe. Muuzaji anayekataa upime mzigo wote, achana naye.

Nilipompigia huyu wetu, jibu lake lilikuwa hili: "Kaka, hizo ni za mchana. Za usiku zina bei yake." Nikamuuliza mbona picha umepiga gizani. Akakata, akanibloku. Namba yake nimeituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi tumeshatoa taarifa. Hela sidhani kama itarudi.

Jana nimeziona picha zilezile kwenye kundi jingine, mlango wa bluu uleule, jina la muuzaji jipya, bei imeshuka mpaka elfu sita na mia tano. Ukikutana na mlango huo, jua ni yeye.

Viwili halisi tumewapa vijana wanaopiga kazi usiku wa manane. Feki zote bado ninazo ndani ya kiroba. Anayetaka kuona tofauti kwa macho yake aje kijiweni baada ya saa moja jioni na simu yenye chaji.