Spoketi ya Umbo la Yai au ya Duara: Ununue Ipi kwa Ajili ya Kupanda Milima?

Anayepanda kwa baiskeli kutoka Lushoto kuelekea msitu wa Magamba anajua mahali hasa ambapo mlima humshinda. Si pale pedeli inapokuwa mbele na uzito wote wa mwili umeilalia, bali punde tu baadaye, mikono ya pedeli inaposimama wima, mguu mmoja juu na mwingine chini, na hakuna msuli unaosukuma ipasavyo. Hapo baiskeli husita. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, kusita huko hufuatwa na msukumo wa ghafla wa mguu wa pili, tairi la nyuma linateleza, na mwenye baiskeli anajikuta ameshuka na kuanza kuikokota.

Spoketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni pale kwenye pedeli, ikiwa na umbo la yai ilibuniwa kwa ajili ya kasoro hiyo. Ile ya meno 32, ikiwa imerefushwa kwa asilimia 10 hadi 12, huhisiwa mguuni kama ya meno 30 kwenye sehemu dhaifu ya mzunguko, na kama ya meno 34 kwenye sehemu yenye nguvu. Hata hivyo meno yenyewe hubaki 32: pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli husogea umbali uleule ambao ingesogezwa na spoketi ya duara yenye meno hayo. Muuzaji anayekuambia kwamba mlima utapungua anakuuzia maneno matupu, kwa kuwa kazi ni ileile na kinachobadilika ni namna inavyogawanywa ndani ya mzunguko mmoja. Vipimo vya maabara kuhusu ongezeko la nguvu vimetoa majibu yanayopingana. Faida ninayoikubali bila shaka ni kwamba msukumo hufika kwenye tairi kwa ulaini zaidi, na tairi hushika ardhi.

Kwa sababu hiyo, kati ya vifaa vya kununua kwa ajili ya milima, nafasi ya kwanza naipa spoketi ya duara yenye meno machache, ingawa najua si jibu ambalo wengi wamekuja kulitafuta. Chukua baiskeli ya gurudumu la inchi 29, lenye mzingo wa takriban mita 2.3, iliyo na meno 34 mbele na 46 kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma. Kila mzunguko wa pedeli huisogeza kama mita 1.70. Ukiweka meno 30 mbele, inasogea mita 1.50, na wepesi huo wa takriban asilimia 12 utauhisi siku ya kwanza. Utapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare, lakini aliyenunua baiskeli ya milimani kwa ajili ya milima hatakuwa na cha kulalamikia.

Spoketi ya yai ya asilimia 10 hadi 12 inashika nafasi ya pili, na inapanda kuwa ya kwanza kwa yule ambaye tayari ana idadi ya meno inayomfaa lakini bado tairi humteleza kwenye miinuko ya changarawe anapokanyaga polepole. Zinazotengenezwa na absoluteBLACK, Wolf Tooth, Garbaruk na Rotor ni za kuaminika, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Usihangaike na kampuni kabla hujajua jinsi spoketi inavyofungwa kwenye mkono wa pedeli yako, maana ya bolti nne haiingii kwenye mkono usio na bolti hizo, na cheni ya Shimano ya gia 12 inahitaji meno yaliyochongwa kwa ajili yake.

Kaseti kubwa zaidi, yaani mkusanyiko wa gia za nyuma, inafuata. Kutoka meno 46 hadi 51, baiskeli ile ile ya mfano wetu itasogea mita 1.53 kwa mzunguko, yaani wepesi mdogo kuliko ule wa spoketi ya meno 30, kwa gharama kubwa zaidi, na mara nyingi utalazimika kubadili pia kifaa cha nyuma cha kuhamisha gia.

Spoketi zilizorefushwa sana, kama Osymetric, naziweka chini. Mwingereza Bradley Wiggins alishinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya mwaka 2012 akiwa nayo, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akafuata mwaka 2013, lakini hizo zilikuwa barabara za lami. Ya mwisho kabisa ni Biopace ya Shimano ya miaka ya 1980, ambayo bado huonekana kwenye baiskeli za mtumba: yai lake limegeuzwa kinyume na haya ya leo. Na kama baiskeli yako ya mtumba ina spoketi tatu za mbele zilizopigwa ribiti, hakuna cha kubadilisha hapo bila kununua mkono mzima.

Mwelekeo wa yai ndio uliowahi kuniponza. Fundi mmoja alinifungia spoketi ya bolti nne akiwa ameisogeza tundu moja, ambalo ni robo ya mzunguko, na kwa wiki nzima nilipanda nikihisi kama ninakanyaga ngazi zisizolingana, magoti yakiuma, huku nikiilaumu spoketi. Kipimo chake ni rahisi: mkono wa pedeli ukilala, yai lisimame, mkono ukisimama, yai lilale. Ukiona kinyume, fungua bolti palepale dukani.

Kabla ya kulipa, pima pia nafasi iliyopo kati ya spoketi na bomba la fremu, kwa kuwa yai la meno 34 huhitaji nafasi kama ya duara la meno 36. Likishafungwa, peleka cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma na uzungushe pedeli taratibu kwa mkono; ikikaza hadi kifaa cha nyuma kunyooka kabisa kuelekea mbele, cheni ni fupi.