Skafu ya Hermès kwa macho ya mvaa leso: uzoefu wangu

Ukitaka kujua kama skafu ya hariri ya Hermès, ile kampuni ya Paris ya skafu na mikoba, ni mali, usianze na jina wala lile boksi la rangi ya machungwa. Anza na pindo. Lishike pembeni, liviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utakuta ukingo umejaa, una mviringo, haukulala bapa, na ukiinama karibu utaona mishono midogo isiyolingana kabisa, maana imepita mkononi mwa mtu. Mimi kazi yangu ni kushona, buibui na magauni ya harusi, hapa Mombasa, na skafu hizi nimezivaa miaka kadhaa sasa. Kwa hiyo nawaandikia kama fundi na kama mwanamke aliyelelewa ndani ya leso, yaani kanga.

Nilizonazo zote zimetumika. Ya kwanza aliniletea wifi yangu anayeishi Ufaransa, aliipata kwenye duka la nguo za mitumba huko Lyon. Nyingine nimezisaka mwenyewe kwa wauzaji. Mpya dukani inapita euro 400, yaani zaidi ya shilingi 60,000 za Kenya, na pesa hizo mimi sina za kutoa kwa kitambaa cha sentimita 90 kwa 90. Iliyotumika, ikiwa safi, unaweza kuipata kwa nusu ya hapo au chini zaidi. Kwa bei hiyo nasema wazi: inafaa. Na nitaeleza kwa nini, kwa sababu watu wengi wanadhani wanalipia jina tu.

Thierry Hermès alifungua karakana Paris mwaka 1837, akitengeneza hatamu na vifaa vya farasi wa kukokota magari. Mwaka 1880 mwanawe, Charles-Émile, akaihamishia namba 24, mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, na duka lipo hapo hapo mpaka leo. Kisha yakaja magari ya injini. Kazi ya hatamu ilikuwa inakufa machoni pao, na mjukuu, Émile, akaamua kuuchukua ule ule ushonaji wa matandiko na kuupeleka kwenye mikoba na masanduku ya safari. Ushonaji wenyewe ni huu: uzi mmoja uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha, zinapishana kwenye tundu moja. Uzi ukikatika mahali, ule wa upande wa pili unaendelea kushika. Cherehani haiwezi hivyo. Katika cherehani uzi wa juu na wa chini hunasana katikati tu, mmoja ukikatika mwingine hulegea, na kila aliyewahi kuona mshono wa begi ukifumuka kuanzia tundu moja anajua ninachosema.

Skafu yenyewe ilikuja mwaka 1937, nyumba hii ya biashara ilipotimiza miaka 100. Mkwe wa Émile, Robert Dumas, ndiye aliyechora ya kwanza, akaiita Jeu des omnibus et dames blanches, mchoro wa mchezo wa ubaoni wenye magari ya abiria yanayokokotwa na farasi. Tangu hapo mpango haujabadilika: mraba wa hariri, mchoro, jina la mchoro, pindo la mkono.

Mtu wa Pwani akiitandaza kitandani mara ya kwanza ataitambua mara moja. Ina pindo linalozunguka pande zote nne. Ina mji, yaani uwanja wa katikati. Ina jina, na mara nyingi jina limeandikwa humo humo kwenye mchoro, ingawa si fumbo wala kijembe kama letu. Nilipoiona hivyo nilihisi nimekutana na ndugu wa mbali wa leso. Nasi tuna nyumba yetu ya muda mrefu katika biashara hii: Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, ambaye leso zake zenye chapa ya Mali ya Abdulla zimevaliwa tangu enzi za bibi zetu. Wanawake huzitafuta kwa chapa hiyo, wanageuza pembe kuisoma kabla ya kuuliza bei. Kwa hiyo sishangai Mfaransa anapoirudia nyumba moja vizazi sita. Tunafanya hivyo hivyo.

Tofauti kubwa iko kwenye kuuchapa mchoro juu ya kitambaa. Kazi hiyo hufanyika Lyon na viunga vyake, mji wa hariri wa Ufaransa. Kila rangi ina fremu yake, yaani wavu unaopitisha rangi hiyo peke yake. Mchongaji huutenganisha mchoro rangi kwa rangi, kazi inayoweza kuchukua mamia ya saa, halafu hariri hutandazwa juu ya meza ndefu za zaidi ya mita 100 na fremu zinapita moja baada ya nyingine. Skafu moja inaweza kuwa na rangi 30 na zaidi. Hebu fikiria fremu 30, na kila moja lazima iangukie pale pale.

Ninayo ile iitwayo Brides de gala, iliyochorwa na Hugo Grygkar mwaka 1957, mojawapo ya zinazouzwa sana katika historia yao. Ni hatamu za gwaride, ngozi na shaba. Nimeiangalia bizimu moja kwa kioo cha kukuzia. Kuna manjano ya chini, kuna hudhurungi ya kivuli, mstari mwembamba mweusi unaouzunguka ukingo, kisha weupe kidogo pale mwanga unapogonga chuma. Hakuna rangi iliyopanda juu ya mwenzake hata unywele. Geuza upande wa nyuma: rangi imepenya, bizimu ile ile iko pale. Skafu hiyo ina umri kunizidi, na nyeusi yake bado ni nyeusi.

Sasa nirudi kwenye pindo, maana hapo ndipo nilipojifunza kweli kweli. Dobi mmoja niliyempa skafu aliipiga pasi ya moto kwenye kingo zote mpaka zikalala bapa, na upande mmoja mishono ikaachia. Nilikasirika sana. Nikaipeleka Biashara Street kwa kijana anayenipindia leso, mtu hodari, doti anaimaliza kabla hujahesabu chenji. Akaigeuza juu chini kwenye mwanga, akaivuta kidogo, akanirudishia.

"Mama, hii mimi siiweki kwenye cherehani. Aliyeishona hii alikaa chini."

"Huwezi hata kujaribu, mwanangu?"

"Naweza. Lakini utakuja kunilaumu."

Alikuwa mkweli na nilimshukuru. Nikaifanya mwenyewe. Unalowesha ncha ya kidole, unauviringa ukingo kuelekea upande wa mchoro, si kuelekea nyuma kama tulivyozoea, unaushika kwa kidole gumba, na sindano nyembamba ya uzi wa hariri inapita ndani ya mviringo ili mshono ufiche uso. Ukikaza sana pindo linakunjamana. Ukilegeza linafunguka. Hariri inateleza, unauviringa tena. Upande mmoja ulinichukua jioni nzima, na mimi si mgeni wa sindano. Mafundi wao humaliza skafu nzima kwa muda mfupi kuliko huo, lakini bado ni mikono, bado ni mtu mmoja na skafu moja. Kampuni inayouza bidhaa dunia nzima ingeweza kununua mashine ya kupinda, ikaokoa fedha, na wanunuzi wengi wasingegundua. Haikufanya hivyo. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo mvuto wa nyumba hizi za zamani, zile zinazostahili kuitwa hivyo. Umri peke yake haunivutii. Zipo nyumba za zaidi ya miaka 100 ambazo jina limebaki na kazi imeshahamishwa mara nyingi.

Watu huuliza Hermès imewezaje. Sehemu kubwa ya jibu ni familia. Mwaka 2010 kundi la LVMH, linalomiliki Louis Vuitton na Dior, lilitangaza kwamba limekusanya hisa nyingi za Hermès. Wajukuu na vitukuu hawakuuza. Mwaka 2011 walifunga zaidi ya nusu ya hisa kwenye kampuni moja ya familia ili zisiguswe, na mwaka 2014 mgogoro ukamalizwa kwa makubaliano. Leo mkuu wake ni Axel Dumas, wa kizazi cha sita. Mwezi Aprili 2025 thamani ya Hermès kwenye soko la hisa iliipita ya LVMH kwa muda, kundi lenye chapa zaidi ya 70. Mtu asiyelazimika kuuza kampuni kesho anaweza kumwachia mchongaji saa zake mia kadhaa.

Jambo jingine ninalolipenda ni wachoraji. Wamemtumia Kermit Oliver, mchoraji wa Texas aliyekuwa mfanyakazi wa posta huko Waco, usiku anapanga barua, mchana anachora. Wamefanya kazi na Ardmore, karakana ya ufinyanzi ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, na chui na ndege wao wakaingia kwenye hariri. Jina la mchoraji mara nyingi limefichwa ndani ya mchoro, dogo sana, na kulitafuta ni raha. Wabunifu wa leso zetu wangapi tunawajua kwa majina? Hilo linaniuma, na ningependa kuona wachapishaji wa leso wakiiga jambo hili.

Upande wa kuvaa. Anayejifunga mtandio wa kufunika kifua ajue mapema kwamba sentimita 90 hazitamtosha. Hapo atafute shali lao la sentimita 140, ambalo ni kashimiri na hariri, zito kwa joto letu la Februari lakini zuri sana safarini. Mimi ile ya 90 naivaa juu ya kofia ya ndani, nikiwa na buibui, au naifunga shingoni kwenye harusi. Malkia Elizabeth wa Pili alizoea kuzifunga chini ya kidevu akienda kwa farasi wake, na mtindo huo kwa bibi zetu wala si mgeni. Ufumaji wake ni wa mistari ya mshazari, hivyo haitelezi kichwani kama satini. Ukifunga fundo asubuhi utalikuta jioni. Pini usitumie kamwe. Hariri ikitobolewa tundu halifungi. Tumia vishikio vya sumaku, vinauzwa kwa bei ya chini kwenye maduka ya mitandio.

Mafuta ndiyo adui. Mafuta ya nywele, mafuta ya manukato, jasho. Ukijipaka marashi ya mafuta subiri yakauke ndipo uivae. Udi naufukiza kwa mbali, skafu imetundikwa, chetezo kiko sakafuni. Kwa kusafisha mpe dobi anayejua hariri, mwambie kabisa asiguse pindo kwa pasi, na kama hakuelewi ondoka nayo. Kuihifadhi, iviringe, usiikunje kwenye mistari ile ile mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hariri hukatikia kwenye kunjo.

Mikoba yao sina na siifuatilii. Najua ile Birkin ya kwanza, iliyotengenezewa Jane Birkin, iliuzwa mnadani Paris mwezi Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8. Sitaki kubishana na mwenye fedha zake, ila mkoba unaonunuliwa ili ukae kabatini usubiri bei ipande umeshatoka kwenye kazi ya fundi aliyeutengeneza. Skafu inavaliwa. Ya kwangu imekwenda harusini, matangani, sokoni Marikiti.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika, angalia mambo haya kabla hujatuma pesa. Jina Hermès lina alama juu ya e ya pili, na wachapaji wa bandia mara nyingi huikosea au huiacha. Pindo liwe limejaa na limeviringwa kuelekea mbele; likiwa bapa na mshono wake umenyooka kwa usawa wa cherehani, achana nayo. Rangi iwe imepenya hadi nyuma. Mistari myembamba ya mchoro iwe safi, isiyomwagika. Boksi la machungwa halithibitishi chochote, maana maboksi matupu nayo huuzwa. Omba picha ya pembe moja kwa karibu, mbele na nyuma, katika mwanga wa mchana, na picha ya upande mzima wa pindo. Muuzaji mwaminifu atakutumia siku hiyo hiyo. Anayekuambia hana muda wa kupiga picha za pindo, mwachie skafu yake, zipo nyingi.