Sindano ya mgongo sina ubaya nayo, ubaya ni sista wa usiku

Hili jambo limenikaa kifuani wiki kadhaa sasa, kila nikimnyonyesha mtoto nalikumbuka, basi wacha niliteme. Nilijifungua kwa oparesheni hospitali moja ya praiveti hapa Mombasa, jina sitaji, ilikuwa siku chache baada ya Idi, na nasema mapema thieta nawapa nyota tano zote.

Mie nilitaka nusu kaputi, nilale niamke nipewe mwanangu. Daktari wa ganzi, mama mmoja mpole, akanambia hapana, tutakudunga mgongoni, utakuwa macho, mtoto akilia utamsikia, na dawa haimfikii sana kama ile ya kulala. Nikajikunja kama kamba wa baharini, sista wa thieta kanishika mabega, kichwa changu kifuani kwake. Vidole vilikuwa vyeusi piko ya Idi, ile rangi ya kujipamba, kile kimashine cha kubana kidole kupima oksijeni kikawa hakisomi vizuri, nikajua hapa nitagombezwa, lakini wapi, yule sista akakibana sikioni huku acheka, "leo tumeletewa biharusi." Miguu ikawa mizito kisha kama si yangu. Baadaye nikatetemeka mpaka meno yagongana, wakanifunika mablanketi wakanambia usiogope ni kawaida kwa hii sindano.

Sasa njoo wodini. Usiku wa pili kikaanza kichwa, na si kichwa hiki cha jua la Mombasa. Nikiketi tu nimnyonyeshe mtoto chapasuka kuanzia kisogoni, shingo yakaza, nikilala chini kinaondoka kama hakikuwepo. Nikabonyeza kengele. Nikabonyeza tena. Akaja sista wa usiku, simu iko mkononi, hata mlango hakuuvuka, "Mama, wewe si wa kwanza kupasuliwa hapa, jikaze, keti umnyonyeshe mtoto." Namwambia sista wangu, nikiketi ndo naumwa. "Ni usingizi huo, hujalala." Presha hakupima, mkono hakunishika, akageuka zake, nasikia ndara tu koridoni, cha cha cha. Wallahi mpaka leo mtu akiburura ndara hapa nyumbani moyo waniruka.

Aliyenisaidia ni mama wa kitanda cha pili, naye ana mshono mbichi kama wangu, alishuka polepole akishika ukuta akanilazia mtoto ubavuni.

Asubuhi yule daktari wa ganzi akapita, swali moja tu: "Ukilala chini kinaondoka?" Ndio. Akajua papo hapo. Ati sindano iliacha kitundu kwenye utando wa uti wa mgongo, maji yavuja, ukiketi ubongo wakosa maji ya kuubeba. Nilale, ninywe maji kwa wingi, dawa ya maumivu, na kahawa. Kahawa! Mume wangu akavuka feri na thamosi ya kahawa tungu, wodi nzima ikanukia tangawizi. Kisingepoa wangenitoa damu mkononi waidunge mgongoni izibe kile kitundu, lakini alhamdulillahi hatukufika huko. Swali lenyewe ni hilo moja, yule wa usiku lilimshinda nini?

Haya, labda alikuwa peke yake, mie sikuona sista mwengine usiku ule na vitanda vilijaa. Nilikuwa nishamsamehe kabisa. Halafu siku ya kutoka naletewa bili, naona mstari wa huduma ya uuguzi, wahesabu kwa usiku, na ule usiku umo! Nikamuuliza kijana wa kaunta, huu wa pili niliuguzwa na nani? Akanambia, "Mama, hiyo ni kompyuta imeandika."

Basi zile tano nazirudisha. Naacha mbili, moja ya daktari wa ganzi, moja ya sista aliyenibana sikio. Na Mungu akinijaalia mwengine nitarudi pale pale, kwa sababu ya yule daktari, lakini usiku atalala mamangu na mie.