TAHADHARI: Priamplifaya za "valvu" ambazo valvu zake ni pambo

Wapenzi wa muziki, kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza priamplifaya (mashine inayoandaa sauti kabla haijaingia kwenye amplifaya) "ya valvu tupu", yenye ECC83 mbili za zamani (ECC83 ni aina ya valvu, yaani kichupa cha kioo kinachokuza sauti). Ukiiwasha, valvu zinang'aa rangi ya chungwa, na kwa macho inapendeza kweli. Rafiki yangu aliinunua, kisha akaniletea niikague kwa sababu hakusikia tofauti yoyote. Nimeifungua. Mwanga ule unatoka kwenye taa za LED zilizogundishwa chini ya soketi. Waya wa sauti unaingia, unapitia aisi (chipu) moja ndogo, unatoka. Valvu zimepewa umeme wa kikanza, yaani wa kuzipasha moto, peke yake. Kwenye anodi, sehemu ya valvu inakotokea sauti iliyokuzwa, hakuna waya hata mmoja.

Alipolalamika, muuzaji akamshauri "aboreshe" kwa kuongeza pesa anunue jozi ya valvu za zamani za chapa ya Telefunken ya Ujerumani, zisizowahi kutumika. Kama sauti haipiti kwenye valvu, hata ukiweka valvu ya dhahabu hutasikia badiliko. Tena Telefunken zenyewe ni za bandia. Jina juu ya kioo mtu yeyote anaweza kulichapa, na kulisugua kwa kidole hakukupi jibu, maana hata maandishi ya zile halisi hufutika upesi. Igeuze uangalie kitako: ECC83 zilizotoka katika viwanda vya Telefunken yenyewe kwa kawaida zina umbo la almasi lililofinyangwa kwenye kioo, katikati ya pini 9. Hizi alizoletewa hazina. Angalieni na jina la Mullard pia, chapa ya zamani ya Uingereza. Zinazotoka kiwandani siku hizi kwa jina hilo zinatengenezwa Urusi. Si mbaya, ila hazistahili bei ya zile za zamani za Uingereza.

Lililonikasirisha zaidi ni hili: anawaambia watu kuwa valvu yoyote ya pini 9 inaingia, kwa hiyo wachukue ECC88, aina nyingine ya valvu, "yenye nguvu zaidi". Kuingia inaingia. Lakini kikanza cha ECC88 kinataka volti 6.3 kati ya pini ya 4 na ya 5, na soketi nyingi za ECC83 zimefungwa kupeleka volti 12.6 kwenye pini hizo hizo. Utaiunguza valvu, na pengine transfoma nayo itaumia. Fuata aina iliyoandikwa na mtengenezaji wa mashine yako.

Kabla ya kulipa, dai picha ya ndani, juu na chini ya bodi. ECC83 kwa kawaida hufanya kazi na volti 100 hadi 250 kwenye anodi, kwa hiyo kama mashine inatumia adapta ya volti 12, lazima ndani uone saketi ya kupandisha umeme. Akikataa kupiga picha, achana naye.

Kama tayari unayo, iwashe ikiwa imepoa. Muziki ukitoka papo hapo, shuku, kwa kuwa valvu huhitaji sekunde kadhaa kupata moto. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuzima kila kitu, kuchomoa plagi, kusubiri ipoe, kutoa valvu moja, kisha kuwasha tena sauti ikiwa chini. Katika mashine ya kweli lazima sauti ibadilike: chaneli moja (upande mmoja wa sauti, kushoto au kulia) inyamaze, au zote. Muziki ukiendelea vilevile, umeuziwa pambo. Tafadhali usiingize vidole wala bisibisi ndani. Kapasita za mashine ya kweli hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi.

Na wale wanaovutiwa na maneno "inakuza mara 100": hiyo ni sifa ya valvu ya ECC83 yenyewe, na wala huhitaji ukuzaji mkubwa hivyo. Kicheza CD cha kawaida tayari hutoa takriban volti 2, na amplifaya nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Priamplifaya iliyosanifiwa kwa ECC82, valvu ambayo kipimo chake cha ukuzaji ni kama 20, mara nyingi inafaa zaidi na ina mvumo mdogo.

Muuzaji huyu hubadilisha jina la akaunti, lakini maneno "valvu tupu" hayaachi, na husisitiza ulipe nje ya mfumo wa soko ili upewe punguzo. Ukilipa hivyo, soko halitakurudishia pesa. Aliyelipa ndani ya mfumo afungue malalamiko sasa, aambatanishe tangazo na picha za LED chini ya soketi, na asikubali valvu za bure kama fidia.