Kitabu cha vita ambacho kila mwalimu wa sekondari akisome

Nimemaliza kusoma All Quiet on the Western Front ya Erich Maria Remarque, na naandika haya zaidi kwa ajili ya walimu wenzangu hapa Dar es Salaam. Ni riwaya ya Kijerumani iliyotoka kama kitabu mwaka 1929. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, nakala ya mtumba niliyoipata Posta. Lugha yake ni nyepesi, mwanafunzi wa kidato cha tano anaiweza.

Msimulizi ni Paul Bäumer, kijana anayetoka darasani kwenda Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwalimu wao, Kantorek, aliwahubiria uzalendo mpaka darasa zima likaenda kujiandikisha. Mmoja wao, Joseph Behm, alisitasita, lakini akaogopa kuitwa mwoga. Akaenda, akawa wa kwanza kufa. Hapo nilikiweka kitabu chini. Nafundisha historia kidato cha sita, vijana wa miaka 18, 19. Najua darasa linavyonyamaza mwalimu akisema kwa hisia, na najua wanavyoniamini. Sijawahi kuiogopa nguvu hiyo kama nilivyoiogopa usiku ule.

Remarque mwenyewe alijeruhiwa vitani mwaka 1917, na utaliona hilo katika vitu vidogo. Kitabu kinaanza na shibe: mpishi amepika maharage na nyama kwa askari 150, wamerudi 80, basi kila mtu anakula mara mbili. Wanafurahi kweli. Nami nilifurahi nao, mpaka nikakumbuka hicho chakula cha ziada ni cha nani.

Lililoniliza ni shimo la bomu. Paul amejificha humo, Mfaransa anamwangukia, Paul anamchoma kisu. Yule mtu hafi upesi. Paul anamnywesha maji, anamfunga majeraha, anakaa naye saa nyingi akimsikiliza anavyohema. Akishakata roho, anafungua pochi yake na kukuta picha za mke na binti mdogo. Jina lake Gérard Duval, kazi yake mpiga chapa. Basi. Nililia kama ninayemlilia ndugu.

Sehemu za mizinga katikati zinajirudia na zinachosha. Vumilieni, hata wao walichoka.

Tangu hapo nikipita Barabara ya Samora siwezi kuipita tu ile sanamu ya Askari ya mwaka 1927, ya kuwakumbuka askari Waafrika wa Vita vya Kwanza. Zamani nilikuwa naangalia bunduki. Sasa naangalia uso, nakisia umri. Vita hivyo hivyo vilipiganwa kwenye ardhi yetu, Waafrika wakiwa pande zote mbili, na wapagazi wakafa maelfu kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Natamani mno mtu atuandikie riwaya ya mpagazi mmoja tu: jina lake, alichokula, mama aliyemwacha nyumbani.

Wanazi walikichoma kitabu hiki hadharani mwaka 1933, na ukikisoma utaelewa kwa nini walikiogopa. Kidato cha tano na sita wapeni bila wasiwasi. Wadogo wao nisingewapa. Farasi waliojeruhiwa wanaolia usiku na zile wodi za hospitali ni vizito mno kwao. Mimi muhula ujao mada ya Vita vya Kwanza nitaianza kwa kuwasomea ukurasa wa maharage, ndipo tuje kwenye sababu za vita.